Crossmaglen Rangers: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Klabu ya Kijijini na Watu Wake

Ukiitaja Crossmaglen Rangers, klabu ya mpira wa Kigaeli ya Ayalandi ya Kaskazini, mbele ya mtu aliyekulia utani wa Simba na Yanga, au wa Gor na AFC, maswali huja yaleyale. Ni mpira gani huo wa kushika kwa mikono? Mbona hawalipwi? Na ni kweli jeshi la Uingereza lilikaa uwanjani? Hapa yamekusanywa pamoja. Anayeufahamu mchezo tayari aruke sehemu ya kwanza.

## Kwanza kabisa

Crossmaglen iko wapi?

Kusini mwa kaunti ya Armagh, Ayalandi ya Kaskazini. Ni kijiji kikubwa, au mji mdogo ukipenda, wenye watu takriban 1,600. Mpaka na Jamhuri ya Ayalandi uko jirani kabisa, upande wa kaunti za Monaghan na Louth, na Dublin iko mbali kidogo tu kuliko Belfast. Kwa Kiayalandi huitwa Crois Mhic Lionnáin, ila wenyeji husema "Cross" na yameisha.

Katikati pana uwanja mpana wa soko unaobeba jina la Kardinali Tomás Ó Fiaich, mwana wa maeneo hayohayo aliyepanda hadi kuwa Askofu Mkuu wa Armagh. Kuzunguka kijiji ni mashamba madogo na ng'ombe. Jina la parokia, Creggan, lina maana ya mahali penye mawe, na mkulima wa pale hahitaji kufafanuliwa.

Mpira wa Kigaeli ni soka au raga?

Si soka wala si raga. Kila upande una wachezaji 15. Mpira ni wa duara, na unaruhusiwa kuushika, kuupiga teke au kuupasia kwa ngumi. Huruhusiwi kukimbia nao mkononi zaidi ya hatua nne bila kuudundisha chini au kuudondosha kwenye ncha ya kiatu ukaudaka tena, na kudundisha mara mbili mfululizo ni kosa. Hilo la ncha ya kiatu ndilo linalomtoa jasho mgeni. Mtoto wa Cross hulifanya akienda dukani.

Milingoti ina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya na kuingia wavuni ni goli, lenye thamani ya pointi tatu. Ukipita juu yake, katikati ya milingoti, ni pointi moja. Nyuma ya lango husimama waamuzi wasaidizi waliovaa makoti meupe marefu kama madaktari wa wodini: wakipeperusha bendera ya kijani ni goli, nyeupe ni pointi. Tangu 2025 imeongezwa ya rangi ya chungwa, kwa pigo la kutoka nje ya tao la mita 40, ambalo sasa ni pointi mbili.

Matokeo kama 2-13 kwa 0-11 yanasomwaje?

Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. 2-13 maana yake magoli mawili, yaani pointi sita, jumlisha 13: jumla 19. Hayo ndiyo matokeo ya fainali ya vilabu vya Ayalandi nzima ya 1997, Crossmaglen walipoifunga Knockmore ya kaunti ya Mayo. Kwa hiyo usishangae ukiona timu isiyo na goli hata moja imeshinda.

GAA ni nini?

Ni Chama cha Michezo ya Kigaeli, kilichoundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli moja mjini Thurles, kaunti ya Tipperary. Michael Cusack na Maurice Davin walikuwa miongoni mwa waasisi. Nia yao ilikuwa kufufua michezo ya wenyeji wakati ambapo ya Waingereza ndiyo iliyokuwa ikionekana ya kiungwana. Leo kina vilabu zaidi ya 2,000, na hakitambui mpaka uliokigawa kisiwa mwaka 1921: kaunti zote 32 zinacheza pamoja. Ulster, jimbo la watu wa Crossmaglen, lina kaunti tisa, sita zikiwa chini ya Uingereza na tatu ndani ya Jamhuri.

Wachezaji wanalipwa?

Hapana. Hata yule anayeingia Croke Park, uwanja wa Dublin unaobeba watu 82,300, Jumatatu anarudi kazini kwake: mwalimu shuleni, mkulima kwenye ng'ombe wake, fundi kwenye nyumba anayojenga. Timu za kaunti hurudishiwa nauli na gharama. Katika klabu, mara nyingi mchezaji ndiye anayelipa, maana ana ada ya uanachama kama mtu mwingine yeyote.

## Historia ya klabu

Ilianza lini?

Mwaka 1887, miaka mitatu tu baada ya GAA yenyewe. Rangi zake ni nyeusi na kaharabu. Uwanja umepewa jina la Mtakatifu Oliver Plunkett, Askofu Mkuu wa Armagh aliyenyongwa London mwaka 1681 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1975.

Kijiji cha watu 1,600 kiliwezaje kuwa bingwa wa Ayalandi nzima mara sita?

Hili ndilo swali hasa. Miaka ni 1997, 1999, 2000, 2007, 2011 na 2012. Nemo Rangers peke yao, klabu ya jiji la Cork, ndio waliowazidi, kwa mataji saba.

Njia ya kufika huko ni ndefu. Kwanza uchukue kaunti yako, kisha jimbo, halafu nusu fainali ya taifa, ndipo fainali. Ukipoteza mechi moja umeisha mwaka. Crossmaglen walichukua ubingwa wa Armagh mara 13 mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2008, mpaka Pearse Óg ya mjini Armagh ilipowakatia mnyororo mwaka 2009. Mataji ya Ulster wanayo 11.

Watu hutafuta siri. Wapo wanaosema ni ugumu wa maisha ya mpakani, na hoja hiyo ina uzito (tazama sehemu ya uwanja na jeshi). Ila mimi naona jambo la kawaida zaidi. Kijana wa Cross hakuwa na pa kwenda. Hakukuwa na wakala, hakukuwa na dau, hakukuwa na klabu kubwa ya kumnyakua akiwa na miaka 17. Kikosi kilichocheza pamoja kikiwa cha watoto ndicho kilichocheza pamoja kikiwa cha watu wazima, na mdogo alipopanda alimkuta kaka yake yumo. John na Tony McEntee ni mapacha. Walijifunza mchezo pamoja, wakashinda pamoja, na Tony akarudi kama kocha kuchukua ubingwa wa 2011 na 2012 akishirikiana na Gareth O'Neill. Timu ya namna hiyo huinunui. Huiazimi pia.

Halafu kuna mazoezi ya ushindani yasiyo na gharama: Cullyhanna, Silverbridge, Mullaghbawn na Dromintee wote ni majirani. Ukifungwa na Silverbridge Jumapili, Jumatatu utakutana nao kwenye foleni ya duka.

Kulikuwa na fainali za jasho?

Nyingi. Mwaka 1999 waliishinda Ballina Stephenites 0-9 kwa 0-8, yaani pointi moja na hakuna goli hata moja uwanja mzima. Mwaka 2000 walitetea taji kwa kuifunga Na Fianna ya Dublin 1-14 kwa 0-12. Mwaka 2007 dhidi ya Dr Crokes ya Kerry, na 2012 dhidi ya Garrycastle ya Westmeath, mechi ya kwanza ilitoka sare, ikabidi marudiano. Na si kila mara walicheka: 2009 walipoteza fainali mbele ya Kilmacud Crokes.

Joe Kernan ni nani?

Ni mwana wa klabu aliyeinoa ikachukua mataji matatu ya kwanza ya taifa. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa Armagh iliyofika fainali ya kaunti zote mwaka 1977. Alifunga magoli mawili siku hiyo, lakini Dublin iliwachapa, akarudi nyumbani na kibao cha mshindi wa pili.

Kibao hicho kina hadithi yake. Septemba 2002 Kernan alikuwa kocha wa Armagh, wapo fainali na Kerry. Mapumziko yamefika, wako nyuma kwa pointi nne, na Oisín McConville, kijana wa Cross, amekosa penalti. Kernan akakitoa kile kibao cha 1977, akawaonyesha wachezaji, akakirusha ukutani mwa bafu kikavunjika vipandevipande. Kipindi cha pili McConville akafunga goli. Mwisho wa mchezo: Armagh 1-12, Kerry 0-14. Piga hesabu kama ulivyofundishwa juu. Ni 15 kwa 14, na Armagh kwa mara ya kwanza wakalipeleka nyumbani Kombe la Sam Maguire, lile la bingwa wa kaunti zote.

Klabu na timu ya kaunti vinahusianaje?

Klabu ndiyo mama. Kaunti huchagua wachezaji kutoka vilabu vyake, wakimaliza wanarudi. Kikosi cha 2002 kilikuwa na mapacha McEntee, McConville na beki Francie Bellew, wote wa Cross, huku nahodha Kieran McGeeney akitoka Mullaghbawn, jirani tu. Mwaka 2024 Armagh ilichukua taji la pili kwa kuifunga Galway 1-11 kwa 0-13. Safari hiyo McGeeney alikuwa kocha, na Cross iliwakilishwa na ndugu Rian na Oisín O'Neill.

McConville, kwa njia, alijitokeza hadharani kusimulia uraibu wake wa kamari, uliomtafuna katika miaka ileile aliyokuwa akishangiliwa. Baadaye akawa mshauri wa watu wenye tatizo hilo. Katika nchi ambako mwanamichezo alitarajiwa kunyamaza na kukaza, halikuwa jambo dogo.

## Uwanja na jeshi

Ni kweli jeshi la Uingereza lilichukua sehemu ya uwanja?

Ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, machafuko yalipopamba moto, jeshi liliweka kambi penye kituo cha polisi kilichopakana na uwanja, likatwaa sehemu ya ardhi ya klabu. Kusini mwa Armagh ndiko IRA, kundi lenye silaha lililopigania Ayalandi iliyoungana, lilikokuwa na nguvu sana, na barabara zilikuwa na mabomu ya kutegwa kiasi kwamba jeshi lilisafirisha askari, chakula, hata takataka, kwa helikopta. Helikopta hizo zilitua na kuruka pembeni mwa uwanja wa mpira.

Jaribu kuipata picha. Mtoto anajiandaa kupiga mpira wa adhabu. Mngurumo unakuja, upepo unainamisha nyasi, vumbi na matope vinaruka, refa anasubiri. Nyuma ya lango si miti, ni ukuta wa mabati na mnara wenye kamera. Mpira ukivuka ukuta, huo umekwenda.

Klabu ililalamika kwa barua, kwa wanasheria na kwa wanasiasa wa Dublin na London, miaka nenda miaka rudi. Baada ya Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya Aprili 1998, mkataba wa amani, ndipo ardhi ilipoanza kurudishwa. Minara ya ulinzi ya jeshi iliyokuwa vilimani iliondolewa hatua kwa hatua, na operesheni ya jeshi Ayalandi ya Kaskazini ikafungwa rasmi tarehe 31 Julai 2007. Ukilinganisha miaka, utaona kwamba mataji manne ya mwanzo ya taifa yalichukuliwa kabla ya tarehe hiyo.

Kwa hiyo klabu ilikuwa tawi la siasa?

Hapana, ingawa kila upande ulijaribu kuisoma hivyo. Wanachama walikuwa Wakatoliki, na wengi wao walitaka Ayalandi iliyoungana. Lakini kati ya kutaka hivyo na kubeba bunduki kuna umbali, na watu wengi wa kijiji waliishi ndani ya umbali huo. Mauaji yalikuwa mengi pale, ya askari, ya polisi na ya raia. Kwenye uwanja wa soko palisimama mnara wa ulinzi uliopewa jina la Borucki, askari kijana aliyeuawa hapo mwaka 1976. Anayeeleza historia ya klabu bila kumtaja mtu kama huyo anaeleza nusu.

Kanuni ya 21 ilikuwa nini?

Ilikuwa kanuni ya GAA iliyowakataza askari na polisi wa Uingereza kujiunga na chama. Ilifutwa Novemba 2001, wakati jeshi jipya la polisi la Ayalandi ya Kaskazini linaanza kazi. Kati ya kaunti sita za kaskazini, Down pekee ndiyo iliyounga mkono kuifuta. Aliyesoma jibu la juu hatauliza kwa nini Armagh ilisita.

Isichanganywe na Kanuni ya 27, iliyomzuia mwanachama kucheza au hata kutazama soka, raga, kriketi na hoki. Hiyo ilikwisha mwaka 1971.

## Maisha ya parokia

Kwa nini kila kitu kinazungumzia parokia?

Kwa sababu GAA ilikua juu ya ramani ya Kanisa. Parokia ilikuwa tayari na mipaka, shule na watu wanaojuana, hivyo klabu ikaivaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Sheria bado inamtaka mchezaji achezee kwao. Kuhama kunahitaji sababu, kwa kawaida kuhamia makazi mapya, na kamati ya kaunti ina uwezo wa kukataa. Mtu akihama klabu ili apate kombe atasamehewa dhambi nyingine zote kabla ya hiyo.

Klabu inafanya nini zaidi ya mechi?

Jumamosi asubuhi ni watoto wa miaka sita wanaokimbiza mpira kama kuku wanaogombania mtama. Wazazi ndio makocha, ndio madereva, ndio wanaofua jezi. Wiki nzima bahati nasibu ya klabu inauzwa kwenye baa na maduka, na fedha zake ndizo zinazolipa taa na mbegu za nyasi. Sisi tungeiita harambee isiyokwisha.

Kuna pia Scór, mashindano ya GAA ya ngoma, nyimbo, ughani na chemsha bongo yaliyoanzishwa mwaka 1969. Yule asiyeweza kupiga teke bado ataivaa rangi ya klabu jukwaani.

Na kuna mazishi. Mwanachama akifariki, jezi huwekwa juu ya jeneza, na wenzake hupanga mistari miwili kando ya barabara kulisindikiza. Chai na mikate vinaandaliwa na walewale walioandaa chai ya fainali. Kwa mtu wa pwani au wa bara hilo halihitaji tafsiri.

Wanawake wako wapi katika haya?

Kwa muda mrefu waliachiwa jikoni na ukatibu, tusifiche. Chama cha mpira wa Kigaeli cha wanawake kiliundwa mwaka 1974, miaka 90 baada ya GAA, na ni taasisi tofauti. Mpango wa kuviunganisha vyama hivyo upo, chini ya uenyekiti wa rais mstaafu Mary McAleese, na mwaka uliolengwa ni 2027.

## Maswali ya pembeni

Mbona fainali ya vilabu siku hizi haichezwi Sikukuu ya Mtakatifu Patrick?

Kwa miongo mingi ilichezwa tarehe 17 Machi. Tabu ni kwamba klabu bora ilianza msimu mwaka mmoja na kuumaliza mwaka unaofuata, wachezaji wasipate hata pumzi. Sasa inachezwa Januari. Wazee wananung'unika, na nawaelewa.

Mtoto wa mhamiaji anaweza kucheza?

Anaweza, na wanacheza. Akisajiliwa na klabu ya mahali anapoishi, yeye ni wa hapo. Boidu Sayeh, aliyezaliwa Liberia, ameichezea kaunti ya Westmeath, na Stefan Okunbor, mwenye asili ya Nigeria, ameivaa jezi ya Kerry. Kinachoulizwa ni parokia uliyokulia, hakiulizwi kijiji cha babu.

Vijana wakihama nchi, klabu inabaki na nani?

Hapo ndipo kidonda kilipo katika vijiji vingi vya Ayalandi. Baada ya uchumi kuanguka mwaka 2008 vijana walimiminika Australia, New York na London, na klabu ndogo zikalazimika kuungana na jirani ili tu zifikishe watu 15. Cross imeathirika kidogo kuliko wengi, ingawa hata Jamie Clarke, mshambuliaji wake mahiri, aliwahi kuondoka na kucheza New York.

Waliohama huanzisha vilabu huko waliko. Ghuba nako vipo: Dubai Celts ipo tangu 1995, na wachezaji wake wengi ni walimu wanaofanya kazi za mkataba. Kwa hiyo Mswahili anayeishi Dubai anaweza kuutazama mchezo huu bila kupanda ndege, Ijumaa jioni joto likishapungua.

Nikienda Crossmaglen, naruhusiwa kuingia uwanjani?

Siku ya mechi lipa kiingilio uingie, hakuna kukaa kwa kutenganishwa na mashabiki wa upande mwingine. Utasimama kando ya mtu wa Cullyhanna naye atakueleza, bila kuombwa, goli lililokataliwa miaka 20 iliyopita lilikuwa halali kwa nini.